Kitanda cha Watu wa Barafu

Ukitaka kujua kwa nini Mukabutera wa Buffalo halali kitandani mkesha wa Noeli, usimuulize mwenyewe. Atakuangalia kama vile umemwomba figo. Muulize mdogo wake Sandrine, ambaye mdomo wake haufungiki hata akiwa usingizini. Shida ni kwamba Sandrine huongeza chumvi, na habari hii chumvi yake imeshatosha.

Ilikuwa mwaka 2015, kabla hawajahamia Buffalo. Mukabutera aliishi Whitehall, kule Columbus, Marekani, katika zile apatimenti ambazo ukikaanga samaki chini, wa juu wanajua ni samaki gani. Mumewe Ngarambe alipakia maboksi ghalani na kurudi nyumbani mgongo umepinda kama ndoano. Mtoto wao alikuwa mmoja, Umwali, msichana wa miaka saba, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Mukabutera mwenyewe alitunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza ubavu.

Mkesha wa Noeli ulianza kama siku zake zote, yaani vibaya. Supavaiza alipiga simu asubuhi: mwenzake ameugua, aende yeye. Mwenzake huyo kila Noeli anaugua, na Januari anarudi amenenepa. Mukabutera alikuwa ameshaloweka maharage na kuazima sufuria kubwa ya kanisa. Tena Umwali alikuwa na homa, na Ngarambe yuko kazini hadi jioni.

"Bon, na mutoto nitamuacha na nani?" akauliza.

Supavaiza akamwambia sheria ni sheria, mtoto haendi kazini. Halafu akamtakia Noeli njema.

Basi akamfunga Umwali blanketi, akamweka kwenye gari, akaenda naye. Angefanya nini?

Mzee wake alikuwa Reynoldsburg, katika nyumba ndogo ya mbao nyuma ya maduka. Aliitwa Getruda. Mukabutera alimwita Koko, kama wanavyoitwa mabibi kwao Kongo, na mzee alilipenda jina hilo. Alikuwa mwanamke mrefu, mifupa mitupu, nywele nyeupe amezisuka mkia mmoja na kuuzungusha kichwani. Hakuweza kusimama bila kile chuma cha kutembelea. Na alikuwa na jambo moja la ajabu: kitanda chake kilikuwa kipana cha kulaza familia, lakini yeye alilala ukingoni kabisa, magoti ameyakunja hadi tumboni, kama mtu anayewaachia wengine nafasi.

"Utaanguka, Koko," Mukabutera humwambia.

"Sijaanguka tangu utotoni," Koko hujibu.

Kila alipochanwa nywele, Koko alisimulia habari za kwao. Walielewana kwa Kiingereza, cha mmoja kimepinda huku, cha mwingine kimepinda kule. Kwao kulikuwa kisiwa kidogo katika bahari ya baridi, kaskazini ya Ulaya, ukianza kutembea baada ya chai umekimaliza kabla ya chakula. Watu wake walisema Kiswidi tangu babu wa mababu. Wafalme walikuja, wakapita, kila mmoja na bendera yake. Wao wakaendelea kusema Kiswidi na kukamua ng'ombe. Kila boma lilikuwa na jina, na ukiolewa unachukua jina la boma. Kanisa lilikuwa la mbao. Daktari hapana.

Bahari ikiganda, wanaume walivuta mashua zao juu ya barafu kwenda kuwinda sili, yule mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi na macho kama ya mtoto mchanga. Wanakaa huko majuma. Wakirudi, nyama na mafuta hugawanywa sawa kwa kila boma, hata kwa mjane asiye na mtu wa kuwinda. Mwaka mmoja barafu ilikatika. Baba yake Koko na kaka zake walikuwa juu yake. Kipande kikaondoka nao, watu wa pwani wakiwaona, wakiwapungia mikono, hadi wakawa nukta.

Baadaye vita ikaja, kisiwa kizima kikapanda meli na kukimbia. Ng'ombe waliachwa.

"Walitufuata hadi majini," Koko alisema. "Walikuwa wamejaa maziwa. Tuliwasikia wakilia hadi kisiwa kikapotea machoni."

Mukabutera aliacha kuchana. Yeye ni mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, watu wa ng'ombe. Aliujua mlio ule. Tangu siku hiyo akawa anamletea Koko kikombe cha mtindi wa nyumbani, na kwa Mukabutera hilo ni tamko la mapenzi.

Basi mkesha ule anafika, anamkuta Koko sakafuni.

Hakuanguka. Ameketi sebuleni juu ya majani makavu, yale wanayouza kwa watu wenye sungura, ameyatandaza kutoka ukuta hadi ukuta kama zizi. Mlango wa nje haukufungwa. Mezani kuna viazi, samaki wa chumvi, mkate mweusi mgumu, jagi la maziwa, na sahani nyingi, nyingi mno kwa mzee asiyetembelewa hata na posta. Chumbani kitanda kimetandikwa mashuka mapya, yamenyooka kama sanda.

"Koko! Nani amekufa hapa?"

Maana kwao mtu halali chini hivihivi. Chini ni matanga.

"Wote," Koko akajibu kwa utulivu. "Leo wanakuja kulala. Wao juu, sisi chini. Kwetu ndivyo tulivyofanya kila mkesha wa Noeli. Wanatoka kwenye baridi, lazima wakute kitanda na chakula. Mlango usifungwe."

"Mwaka jana ulifanya hivyo?"

"Kila mwaka. Wale wanaotumwa siku hii hukaa kwenye gari na simu zao, hawaoni kitu."

Mukabutera akajishika kiuno. Alikuwa amechoka na kila mtu: supavaiza, mwenzake wa mafua ya Noeli, maharage yanayochacha kwenye maji. Na sasa hili. Mzee akilala chini katika zamu yake, kwao ni laana, kwa kampuni ni kesi. Akampigia Sandrine Buffalo, akaweka simu kwenye sipika ili mikono ifanye kazi.

"Yaya, huo ni ulozi," Sandrine akamwambia dada yake mkubwa kabla hata hajamaliza kuelezwa. "Ngoja nimuite Mama Theodosia."

"Usimuite, weye! Ninataka tu mutu wa kunipa akili—"

Ameshamwita. Mama Theodosia aliishi Louisville na aliongoza maombi ya simu kwa Wakongomani wa miji yote. Sauti yake ilikuwa haihitaji simu.

"Binti! Hiyo ni meza ya wafu! Futa! Mwaga! Funga mlango kwa jina la Yesu!"

"Mama, ni desturi ya kwao tu, mzee wa watu hana—"

"Futa!"

Ukiwa na mdogo wako anapiga kelele sikio hili na mama wa maombi sikio lile, mikono inaanza kutii yenyewe. Mukabutera akasukuma chakula chote kwenye kile kinu cha sinki, kikasagwa kikaenda. Maziwa akamwaga, ingawa moyo ulimkata. Akafunga mlango kwa komeo. Kisha akamshika Koko makwapani amnyanyue kumpeleka kitandani. Koko akakumbatia mguu wa meza. Mwanamke asiyeweza kufungua kichupa cha dawa! Hakutoka hata kidogo.

"Haya, kaa hapo," Mukabutera akahema. "Kaa na majani yako."

Nyuma yake Umwali alikuwa amesimama na blanketi lake, meno yanagongana kwa homa. Na kule chumbani kitanda kipana, safi, kimekaa bure. Akamlaza mtoto pale, akamfunika hadi kidevuni.

"Mtoe," Koko akasema kutoka sakafuni.

"Ana homa, Koko."

"Mtoe. Leo anayelala pale, wanamhesabu ni wao."

"Koko. Nimechoka."

Akaenda kuosha vyombo.

Mwaka ule theluji ilikataa kuanguka. Nje majani yalikuwa mabichi, watu wa Reynoldsburg wanatembea na mashati. Mukabutera alikuwa akifuta sahani ya mwisho, jua limeanza kuegemea tu, aliposikia kitu kinakokotwa. Kizito. Kinakwaruza, kinanyamaza, kinakwaruza tena. Kama mashua inayovutwa juu ya barafu.

Akatazama dirishani. Bustani tupu, kijani kibichi.

Akashusha pumzi. Pumzi ikatoka moshi.

"Kwetu jua huzama mapema," Koko akanong'ona. "Wamefika."

Mlango ukagongwa. Mara moja. Si kwa ngumi. Kwa kitu kirefu, kama mpini wa mkuki. Simu ilikuwa bado iko mezani, Mama Theodosia anaomba kwa nguvu, Sandrine anaitikia. Ghafla Mama Theodosia akakatiza maombi. Akauliza polepole, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Binti. Wanaume hao wanaozungumza nyuma yako ni nani?"

Nyuma ya Mukabutera kulikuwa na ukuta.

Mlango ukagongwa tena. Halafu basi. Kimya. Maji yakaanza kuingia chini ya mlango, membamba, yanatambaa kati ya majani. Komeo halikusogea. Lakini kwenye majani alama moja ya mguu uliolowa ikatokea. Ikatokea ya pili. Ya tatu. Zikampita Mukabutera karibu kiasi cha kuhisi baridi yake kwenye kifundo cha mguu. Zilinuka mafuta, sufu mbichi, mbwa aliyelowa.

Zilielekea chumbani.

"Mama," Umwali akaita kutoka kule, kwa Kiingereza chake cha shule. "Mama, wananiambia nisogee."

Mukabutera hakumbuki alivyofika. Mtoto alikuwa amelala chali, amebanwa ukutani, mikono imenyooka. Nywele zinadondosha maji. Kando yake godoro likabonyea. Taratibu, kama mtu mzima anapokaa. Likabonyea tena, kando ya pale. Tena. Shuka likageuka rangi kwa maji.

Akamshika mtoto mabega, akavuta. Mtoto hakuja. Alikuwa mzito kama ndama aliyezama matopeni. Akaita jina la Yesu, akavuta. Uzito ukaongezeka. Midomo ya Umwali ilikuwa imeanza kuwa ya buluu, na ilikuwa inacheza, inasema maneno. Si Kiswahili. Si Kiingereza.

Koko alikuwa amejikokota hadi mlangoni mwa chumba, majani yamemganda kwenye sketi.

"Hawana ubaya," akanong'ona. "Wana njaa. Wana baridi. Umewafungia mlango, umewanyima meza. Kilichobaki ni kitanda tu, na aliyemo."

"Nifanye nini? Koko, nifanye nini?"

"Weka meza. Fungua."

Weka meza na nini? Chakula kimesagwa! Mukabutera alitaka kujipiga makofi. Halafu akakumbuka mfuko wake. Akatoa chakula chake cha kazini, bugali na sombe ya majani ya muhogo, na chupa ya ule mtindi aliyomletea Koko. Akapanga sahani zote zilezile, katonge kwa kila sahani. Akamimina mtindi hadi chupa ikakauka. Alimimina kwa haraka, mezani kukawa kama amekula mtoto.

"Yaya, unafanya nini?" Sandrine analia kwenye simu. "Yaya, usifungue!"

Akavuta komeo.

Sasa sikia. Koko alimwambia weka meza, fungua. Basi. Lakini mtu wa milimani hawezi kuweka chakula mbele ya mgeni akanyamaza. Mama yake angefufuka amchape. Mukabutera akasimama kando ya mlango ulio wazi, akainamisha kichwa, akasema kama alivyofundishwa tangu anajua kusema:

"Karibuni. Hapa ni kwenu. Mle, mlale."

Baridi ikampita usoni, inatoka chumbani kwenda mezani. Alisikia viti. Hakuangalia.

Akarudi kwa mtoto, akamnyanyua. Safari hii alikuja, mwepesi, wa moto wa homa yake mwenyewe. Mwili ulikuja wote, isipokuwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulibaki umenyooka kuelekea kitandani, vidole vimefumbatwa na kitu kisichoonekana. Kwenye ngozi ya mtoto kulikuwa na mibonyeo. Vidole vya mtu mzima.

Hapo Koko Getruda akasimama.

Bila chuma. Bila kushika ukuta. Akatembea kama msichana anayeenda kisimani, akafika kitandani, akasema kwa Kiswidi, na alikuwa anacheka. Mukabutera hakuwahi kumsikia akicheka. Akalala ukingoni mahali pake, akakunja magoti hadi tumboni. Akanyoosha mkono, akaupigapiga ule usioonekana, kama dada anavyomwambia kaka yake: wacha, huyo si wetu.

Mkono wa Umwali ukaachiwa.

Ngarambe alipotoka kazini akapita kuwaangalia. Alikuta mlango uko wazi, simu imekufa, mkewe na mtoto wamelala juu ya majani sebuleni wamekumbatiana. Sahani zilikuwa tupu. Koko alikuwa kitandani, mfu, nywele zimelowa, uso umetulia kama wa mtu aliyefika nyumbani.

Baada ya hapo, Mukabutera aliona cha moto. Wakubwa wa kampuni walitaka kujua kwa nini mzee amelowa, kwa nini majani sakafuni, kwa nini mtoto kazini. Alijaribu kusema ukweli mara moja. Wakampa namba ya daktari wa akili na kumwondoa kazini. Mama Theodosia, ambaye sauti zile alizisikia kwa masikio yake, alitangaza kwenye maombi ya simu kwamba kuna dada Columbus aliyewakaribisha mapepo kwa bugali. Hata ile sufuria kanisa lilikuja kuidai kabla ya mwaka mpya. Ngarambe peke yake hakuuliza kitu. Aliutazama mkono wa mtoto, akaufunga skafu.

"Lakini miye ningefanya nini?" Mukabutera alikuwa akirudia, mbele ya sinki, mbele ya kioo, kwenye foleni dukani. "Mutu aniambie. Ningefanya nini?"

Wakahamia Buffalo, East Side, karibu na Sandrine, na Mukabutera akapiga marufuku habari ile nyumbani kwake.

Mwaka ukapita. Mkesha wa Noeli ya 2016 walikula, wakaimba, wakalala kama watu. Asubuhi Mukabutera akaamka kupasha uji, akamkuta Umwali sebuleni, amelala chini juu ya blanketi. Mezani kuna bilauri kubwa ya maziwa, tupu, na duara jeupe limekauka ndani yake. Mlango wa nje haukufungwa.

"Nani amekuambia ufanye hivi?"

"Koko," mtoto akajibu, akajigeuza upande wa pili.

Mukabutera akaenda chumbani kwa Umwali. Alienda kwa hasira, anasemasema njiani, maana woga ulikuwa umemwisha na uchovu umebaki: "Nilisema karibuni. Sikusema kila mwaka."

Kitanda kilikuwa kimetandikwa mashuka mapya. Akagusa. Yamelowa. Akaweka kidole ulimini: chumvi. Na Buffalo, ziwa lake lote na barafu yake yote, halina chumvi hata tone.

Godoro lilikuwa limebonyea, mabonde marefu yamepangana ubavu kwa ubavu kama watu wanaopeana joto. Ukingoni kulikuwa na bonde dogo zaidi, la mtu aliyekunja magoti hadi tumboni.

Na kati ya bonde hilo na lile linalofuata, waliacha nafasi. Fupi, ya urefu wa mtoto. Shuka lake lilikuwa kavu, na mto umeshawekwa.